Wiki Moja ya Kujipikia Kisiwani

Mwaka 2018, katika kiangazi kile cha Texas ambacho hata usukani wa gari haushikiki bila kitambaa, nilikuwa na umri wa miaka hamsini na saba, mjane wa mwaka wa nne, mkazi wa Fort Worth, na mtu mwenye cheti. Cheti nakitaja mapema kwa sababu bila hicho safari nitakayoieleza isingezaliwa. Tulikimbia Burundi mwaka 1972, nikiwa na miaka kumi na mmoja, na tangu hapo mimi na darasa tukaachana. Kusoma na kuandika nilijifunza Tanzania, katika makazi ya wakimbizi, nikiwa tayari nimeolewa. Masomo ya sekondari niliyamaliza hapa Marekani, katika darasa la jioni la watu wazima, tarehe 9 Juni 2017, na cheti chake nilikitundika sebuleni juu ya picha ya harusi, si chini yake.

Katika darasa lile kulikuwa na somo la kusoma majedwali. Mwalimu wetu alichoshwa na majedwali ya kitabuni, akatuletea ratiba ya meli aliyoihifadhi tangu safari moja ya ujana wake: meli ya abiria iendayo kwenye kisiwa kidogo cha Uskoti, mbali upande wa kaskazini-magharibi. Wenzangu walijibu maswali yao, wakachukua mikoba, wakaenda. Mimi nilibaki naitazama. Meli ilikwenda mara mbili kwa wiki, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, paliandikwa kwamba itakwenda hali ya hewa ikiruhusu. Nilikuwa nimeishi miaka tisa mahali ambapo maduka hayafungwi, nikastaajabu kwamba bado wapo watu, tena Wazungu, wanaosimama gatini na mizigo yao wakiitazama mbingu.

“Na meli isipokuja, wanakula nini?” nilimuuliza mwalimu.

“Wanapika walichonacho,” alijibu.

Jibu hilo lilikaa nami mwaka mzima na zaidi. Jumamosi ya tarehe 11 Agosti 2018, baada ya misa ya kumwombea marehemu mume wangu, nilirudi nyumbani, nikavua viatu, nikakaa, nikasema kwa sauti ingawa hapakuwa na mtu: nitakwenda. Nitakwenda katika nyumba ya kupanga kwenye kisiwa kile, nikae wiki moja, nijipikie.

Mtu wa kwanza kumweleza alikuwa mwenzangu wa kazini. Wakati huo nilifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja, na yeye, Mkongomani wa Uvira, ndiye aliyeshika ncha za pili za mashuka niliyokunja. Nilimwambia shuka likiwa katikati yetu.

“Ngoja, mama,” alisema, akaliachia shuka. “Unalipa nyumba?”

“Nalipa.”

“Na mu ile nyumba, nani anakupikia?”

“Napika mwenyewe.”

“Na mashuka?”

“Natandika mwenyewe.”

Akageuka kwa wenzetu waliokuwa kwenye mashine za kukaushia. “Mukuje musikie! Huyu mama anaacha kazi ya bure ya kwake, anaenda kulipa Wazungu juu ya kufanya ileile kazi! Mais non! Kuja kwangu, ma chère. Mimi nitakulipisha kidogo, na vyombo utaosha vyote.”

Walicheka mpaka msimamizi akachungulia. Nami nilicheka. Jibu la kumpa nililipata baadaye, na lilinijia kwa njia ambayo sikuitazamia.

Tarehe 3 Septemba nilimwandikia mwenye nyumba moja ya kisiwani, ambaye anwani yake niliipata mtandaoni, barua pepe yangu ya kwanza, kwa Kiingereza nilichokipitia mara nyingi na kamusi pembeni. Alikuwa mwanamke afugaye kondoo, mwenye nyumba ya pili ya mawe iliyopakwa chokaa, ambayo huwakodisha wageni wakati wa joto. Ilikuwa na nafasi ya watu wanne, naye alinieleza sababu bila kuficha: maji yake ni ya chemchemi ndogo, na karo la choo halibebi zaidi. Duka la kisiwani hufunguliwa siku tatu kwa wiki. Nyumba hupashwa moto kwa udongo mweusi wa bwawani, ambao wao huukata kama matofali, huukausha upeponi na kuuchoma kama kuni. Nilimjibu kwamba moto wa kuni naujua vizuri, na kwamba swali langu ni moja tu: je, jikoni mna sufuria nzito, yenye kitako kipana, isiyotetereka mtu akisonga?

Hakujua kusonga ni nini. Nikamweleza ugali kwa aya mbili. Siku iliyofuata alinitumia picha ya sufuria zake zote zikiwa zimepangwa juu ya ukuta wa mawe, na mbwa wake ameketi mwisho wa mstari ili nipate kukadiria ukubwa. Sufuria ya tatu kutoka kwa mbwa ilikuwa ndiyo. Mwiko hakuwa nao. Alikuwa na kijiti cha mviringo ambacho watu wa kwao hukorogea uji wa shayiri, akaniuliza kama kingefaa. Nilimjibu kwa heshima kwamba kwa uji kingefaa sana, na kwamba mwiko ningeuleta wangu.

Ndivyo tulivyokwenda miezi yote ile, barua kwa barua, naye akawa ananieleza mambo nisiyoyauliza: kwamba mwezi wa Juni jua la kwao huzama karibu na saa tano usiku na giza lenyewe halifiki, kwamba sili, wale wanyama wa baharini, hupanda juu ya miamba na kumtazama mtu kama majirani wenye maswali, kwamba kisiwani hakuna mti hata mmoja unaozidi urefu wa mbuzi. Kila barua niliisoma kwenye kituo cha basi kabla ya kazi, na nilipofika kazini nilikuwa nakunja mashuka kwa kasi ya msichana. Alinishikia wiki moja, kuanzia Jumamosi ya tarehe 15 Juni 2019 hadi Jumamosi ya tarehe 22. Uthibitisho rasmi, alisema, angeutoa mwezi wa Februari, akishapata ratiba mpya ya meli.

Koti la mvua nililipata mwezi huohuo wa Septemba katika duka la mitumba, la rangi ya manjano, na tatizo likawa mahali pa kulijaribia, maana Fort Worth ilikuwa bado inaungua. Nyasi za mtaa wetu hunyunyiziwa maji alfajiri. Nikavaa koti, nikafunga kofia yake kidevuni, nikaenda kusimama katikati ya nyasi mpaka mitambo ilipofunguka na kunipiga maji pande zote. Jirani yangu, mzee wa Kimeksiko anayetembeza mbwa wake saa hizo, alisimama, akanitazama, akafanya ishara ya msalaba, akaendelea na njia yake. Koti halikupitisha tone. Niliporudi ndani nilicheka peke yangu jikoni mpaka nikashika meza.

Jibu la mwenzangu wa kazini lilikuja mwezi wa Novemba, nilipoketi kupanga vyakula. Nyama hairuhusiwi kupita mpakani kule, hilo nilikuwa nimelisoma. Unga, maharage na dagaa wakavu vinaruhusiwa. Basi nikajiuliza: siku ya kwanza nitakula nini? Nikaandika kisamvu. Kisha nikakumbuka kwamba kisamvu alikipenda marehemu. Nikaandika wali, wali ni wa binti yangu. Nikaandika ndizi, na ndizi zilikuwa za mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliyezitaka ziive hadi zipondeke. Nilikaa na kalamu mkononi, mwanamke wa miaka hamsini na saba aliyepika kila siku tangu utotoni, na sikujua mimi mwenyewe napenda chakula gani.

Sikusikitika, na hilo nataka lieleweke. Niliona msisimko, kama mtu aliyeambiwa kwamba katika nyumba yake kuna chumba ambacho hajawahi kukifungua. Wiki ile kisiwani ingekuwa ya kujua. Hakuna mtu angekuja mezani akiwa na njaa yake. Ingekuwapo njaa yangu tu, na sufuria ya tatu kutoka kwa mbwa. Kesho yake nilimwambia mwenzangu: “Nalipa ili nipike na asile mtu mwingine.” Alishika ncha zake za shuka, akasema taratibu, “Ah. Hiyo, mama, hata mimi ningelipa.”

Binti yangu wa pekee anakaa Garland na mumewe. Nilimweleza siku ya Krismasi, tukiwa tunamenya viazi jikoni kwake.

“Mama, uko serious?” alisema. “Peke yako? Scotland? Hata hujaenda Florida!”

“Florida hawanipi jibu la swali langu.”

“Swali gani?”

“La chakula.”

Alifikiri natania. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyenifungulia anwani ya barua pepe, akaomba kuziona barua, nami nikamsomea moja baada ya nyingine kwa fahari. Alifurahi. Alifurahi mno, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuniponyoka, maana siku iliyofuata alimpigia simu baba yake mdogo huko Houston, kama afanyavyo mtoto yeyote aliyelelewa vizuri wa kwetu: mama akisafiri, baba mdogo ajue.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ndiye mkubwa wa ukoo wetu hapa Marekani. Anakaa upande wa Alief, pembeni mwa Houston, na kwa miaka tisa alikuwa akifanya kazi ya usiku katika ghala. Mume wangu alipofariki ndiye aliyeongoza kamati ya mazishi, na sitasahau jinsi alivyoiongoza. Kwetu sisi, jambo likizidi mtu mmoja huundiwa kamati. Harusi, msiba, mtoto kuhitimu, mtoto kupokea kipaimara, vyote vina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Ndivyo tulivyoishi kambini, na ndivyo tulivyoweza kuzika, kuoza na kusomesha katika nchi ambayo hatukuwa na mtu. Kwa hiyo sina haki ya kushangaa. Lakini nilishangaa. Jumapili ya tarehe 20 Januari 2019, nikitoka kanisani, simu yangu ilianza kulia bila kupumzika. Nilikuwa nimeingizwa katika kundi jipya. Jina lake lilikuwa Safari ya Kisiwani.

Nilisoma nikiwa nimesimama kando ya gari. Shemeji alikuwa mwenyekiti. Binti yangu alikuwa katibu. Wajumbe walikuwa kumi na wanne, wa Houston, Fort Worth na Garland. Kitenge kilikuwa kimekwisha chaguliwa, cha bluu, “kwa sababu ya bahari.” Mjumbe mmoja alijitolea kubeba ngoma. Mwingine aliuliza kama kisiwani kuna kanisa la Kikatoliki, na mwingine akamjibu kwamba kama halipo tutasali wenyewe, watu tunatosha. Chini yake mke wa shemeji, ambaye kwa desturi tunaitana mke mwenzangu, alikuwa ameandika: “Mama atapika, tunajua mkono wake!” na picha nyingi za moyo mwekundu.

Nilisoma sentensi hiyo mara ya pili. Kisha nikaendesha gari hadi nyumbani nikiwa nimezima redio.

Nilitaka kuandika neno moja, hapana, lakini nilijua neno hilo lingesomwa Houston kwa namna gani. Mjane aliyezikiwa mume na kamati haikatai kamati kwa simu. Nikaandika: “Nawashukuru kwa upendo. Tutazungumza.” Walielewa kwamba nimekubali.

Kosa lenyewe lilitendeka bila mtu kuwa na nia mbaya. Katibu, kwa maelekezo ya kamati, alimwandikia mwenye nyumba. Alimjulisha kwamba wageni ni kumi na wanne, kwamba vijana watalala chini kwenye magodoro, na kwamba nyumba iandikwe kwa jina la kiongozi wa familia. Kwetu hayo ni adabu: jambo la mama mjane haliandikwi kwa jina lake ilhali mkubwa wa ukoo yupo. Ingekuwa kama kumtangaza kwamba ameachwa. Binti yangu hakuona haja hata ya kuniuliza.

Barua ya mwenye nyumba ilinifikia tarehe 4 Februari. Ilikuwa fupi, na kwa mara ya kwanza haikuwa na habari za mbwa. Alisema amepokea maombi ya kiongozi wa kundi langu na, kama alivyoombwa, amelihamishia agizo langu la nyumba kwenye jina la kiongozi huyo. Lakini watu kumi na wanne hawezi kuwapokea. Chemchemi na karo nilikuwa nazijua. Familia nyingine ya watu wanne ilikuwa ikiisubiri wiki hiyo. Kama kiongozi hatamwandikia kabla ya kwisha kwa Jumapili ya tarehe 17 Februari kusema nani hasa anakuja, angewapa hao. Mwishoni aliongeza: “Nilidhani unakuja peke yako. Kama nilikosea kufikiri hivyo, nisamehe.”

Sentensi hiyo ya mwisho iliniuma kuliko zote. Mwanamke mgeni, wa upande mwingine wa bahari, ndiye aliyekuwa amenielewa.

Ningeweza kumwandikia moja kwa moja, nikamweleza kila kitu. Binti yangu, alipoona barua, alinishauri hivyo huku akilia. “Mama, mi nilidhani nasaidia. Tumwambie tu yule mama, Uncle hatajua.” Nilikataa. Agizo lilikuwa kwa jina la shemeji, na ni yeye aliyetakiwa kuandika. Zaidi ya hapo, sikutaka kwenda kisiwani kwa mlango wa nyuma. Kama wiki ile ilikuwa yangu, basi nilipaswa kuipata mbele ya watu. Nikampigia simu shemeji, nikaomba kikao cha kamati, kwake, Jumamosi ya tarehe 16. Alifurahi kwamba hatimaye naonyesha moyo wa ushirikiano.

Binti yangu ndiye aliyeendesha gari hadi Houston. Nilikuwa nimevaa suti yangu ya siku ya kupokea cheti. Sebule ya shemeji ilikuwa imejaa viti vya kukunja, na harufu ya vitunguu ilikuwa ikitoka jikoni. Wajumbe walikuwapo wote. Mwenyekiti alifungua kwa sala, akawakaribisha, akatangaza ajenda ya kwanza kuwa usafiri, na kabla hajaendelea nilinyosha mkono.

“Mwenyekiti, naomba ajenda yangu itangulie.”

“Karibu, shemeji. Wewe ndiye mwenye safari.”

“Asante kwa kulisema hilo,” nilisema, nikasimama. “Waheshimiwa wajumbe, sijaja kuomba ruhusa. Nimekuja kutoa taarifa, na kuomba kitu kimoja. Taarifa ni kwamba mwezi wa Juni nitakwenda kisiwani peke yangu kwa wiki moja. Ninachoomba ni nyumba irudishwe kwa jina langu. Mwenye nyumba anasubiri hadi kesho. Mwenyekiti asipomwandikia, nyumba wanapewa watu wengine, na safari imekwisha.”

Harufu ya kitu kinachoungua ilitoka jikoni, na mke mwenzangu akakimbia kukiepua.

“Peke yako,” alisema shemeji. “Ukakae juu ya jiwe baharini, peke yako, kama mtu aliyefukuzwa?”

“Kama mtu aliyealikwa.”

“Na ukiugua? Meli yenyewe mara mbili kwa wiki! Kaka yangu aliniachia wewe, shemeji. Nitamjibu nini?”

“Utamjibu kwamba nilikuwa na kazi ya kufanya.”

“Kazi gani? Hii si likizo?”

Nikawaeleza habari ya kalamu na vyakula. Sikuwa nimekusudia kuisema mbele ya watu wengi namna ile, lakini niliisema yote, kisamvu, wali na ndizi, na nilipofika mahali pa kwamba sijui mimi napenda nini, mama mmoja wa Fort Worth aliyekuwa kwenye kiti cha nyuma alisema kwa sauti ya chini, “Yesu wangu, hata mimi.” Mwenye ngoma aliinamisha kichwa.

Shemeji aliangalia vidole vyake. “Lakini kundi zima limeshajiandaa,” alisema, na sauti yake haikuwa tena ya mwenyekiti. “Watu wameshajiandaa.”

“Watu gani?” Mke mwenzangu alikuwa amerudi, amesimama mlangoni na mwiko mkononi. “Baba, sema ukweli. Waambie habari ya mabuti.”

“Mama, hiyo si ajenda.”

“Ameagiza mabuti ya mpira!” aliwaambia wajumbe. “Mpaka magotini! Kila akitoka kazini asubuhi anayavaa kupeleka taka. Majirani wanadhani bomba letu limepasuka!”

Hapo sebule ililipuka. Hata binti yangu, aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao kichwa chini tangu mwanzo, aliweka kalamu akacheka. Shemeji alingoja tuishe. Kisha aliniuliza mimi, si wajumbe, “Ni kweli kwamba kule jua halizami mpaka saa tano usiku?”

“Karibu saa tano. Na giza lenyewe halifiki.”

“Mimi miaka tisa nalala mchana,” alisema. “Nikiamka jua linashuka, nikirudi ndiyo kwanza linachomoza. Katibu aliponisomea hilo kwenye simu nilisema, basi huko ningefanya nini? Ningekaa tu nje. Ningekaa kwenye jua saa tano usiku, na mtu yeyote asinipigie simu ya zamu.”

Ndipo nilipomwelewa, na hasira yote niliyoibeba kutoka Fort Worth ikakosa mahali pa kukaa. Mtu huyu hakuwa amenichukulia wiki yangu ili aniongoze. Alikuwa anaitamani na hakujua namna ya kuitamani isipokuwa kwa kuwa mwenyekiti wake.

Nilijua vilevile kwamba nikimwambia njoo, angekuja, na wajumbe wangekuja nyuma yake, na mimi ningesonga ugali wa watu kumi na wanne kando ya moto wa udongo. Nikalimeza neno hilo. Kisha nikasema, “Shemeji, ile nyumba ina wiki nyingine. Ya kwanza ya Julai ilikuwa bado wazi aliponiandikia mara ya mwisho. Omba yako. Nenda na mke mwenzangu, wawili tu, na mabuti yako. Barua nitakuandikia mimi. Ila ya Juni ni yangu.”

“Wawili tu?” alisema mke mwenzangu kutoka mlangoni. “Bila kamati?”

“Bila kamati.”

“Nani atapika?”

“Mtajua huko huko,” nilisema, na akina mama wakapiga kelele za furaha mpaka mwenyekiti akagonga meza.

“Nitaangalia zamu,” alisema shemeji. Hakuahidi zaidi ya hapo, nami sikumsukuma. Akatoa simu mfukoni. Binti yangu aliinuka ili amwandikie, lakini baba yake mdogo alimzuia kwa kiganja. “Aandike mwenye cheti,” alisema, akanikabidhi.

Niliandika kwa Kiingereza, kwa jina lake, kisha nikawatafsiria wajumbe: “Mimi, niliyeandikishwa kuwa kiongozi wa kundi, nakujulisha kwamba kundi hilo halipo tena. Naomba nyumba irudi kwa jina la mke wa marehemu kaka yangu, ambaye ndiye aliyeiomba tangu mwanzo. Atakuja peke yake.”

“Ongeza,” alisema shemeji, “kwamba familia inajua.”

Nikaongeza. Akachukua simu, akausoma ujumbe huo taratibu hadi mwisho akisogeza midomo, akautuma kwa kidole gumba chake mwenyewe.

Tulikuwa tumeanza kupakua chakula simu ilipolia. Kule kisiwani ilikuwa imeshaingia saa nne usiku, na mwenye nyumba alikuwa bado macho. Shemeji alisimama, akaomba utulivu, akasoma kwa sauti ya rasmi, nami nikitafsiri pembeni yake: ameyarekebisha yote, mgeni ni mmoja, kwa jina lake mwenyewe, tarehe 15 hadi 22 Juni, ratiba mpya ya meli imetoka na nafasi yangu anaishughulikia, na mbwa anasalimu.

“Kamati imevunjwa,” alisema mwenyekiti. “Katibu, andika azimio.”

Binti yangu aliandika: Jumamosi, tarehe 16 Februari 2019, Houston. Kisha, kwa kuwa akina mama walikuwa wamekwisha kuanza vigelegele na hawakuonekana kuwa na nia ya kuacha, aliuliza kama navyo viingie kwenye kumbukumbu.

“Viingie,” alisema shemeji, akivuta kiti ili nikae. “Na saa uandike.”